Bajeti ikipungua, nani apunguziwe kwanza?

Shukrani zote njema zinamstahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote, Mwenye hazina za mbingu na ardhi. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, maswahaba zake na kila aliyefuata mwenendo wao mpaka Siku ya Mwisho.

Ama baada ya hayo. Ndugu Waislamu, kila mwaka ifikapo miezi ya mwanzo, kabla mwaka mpya wa fedha haujaanza Julai 1, Mabaraza ya Madiwani katika manispaa zetu hukaa kujadili rasimu ya bajeti. Kinondoni wanakaa, Temeke wanakaa, Ubungo na Kigamboni nao wanakaa. Mweka hazina anasoma tarakimu, Mkurugenzi anafafanua, madiwani wanasimama mmoja baada ya mwingine. Na karibu kila mwaka linatoka neno moja: fedha hazitoshi, ukomo wa bajeti umewekwa, lazima tupunguze.

Wengi wetu habari hizo tunazisoma gazetini juu juu kisha tunafungua ukurasa wa michezo. Tunaona ni mambo ya wanasiasa na wahasibu. Makala hii inataka kuonesha kwamba siyo hivyo. Pale mtu anapotamka kuwa fungu hili libaki na lile lifutwe, anatoa hukumu. Anaamua haki ya nani itolewe na haki ya nani isubiri. Na mwenye kuhukumu baina ya watu atasimama mbele ya Allah (s.w.) kuulizwa juu ya hukumu yake.

Fedha hizi ni za nani?

Tuanze na msingi. Manispaa ina mifuko miwili mikubwa. Wa kwanza ni ruzuku kutoka Serikali Kuu, ambayo sehemu yake kubwa ni mishahara ya walimu, wauguzi na watumishi wengine. Wa pili ni mapato ya ndani: ushuru wa masoko, leseni za biashara, vibali vya ujenzi na ushuru wa huduma ambao makampuni hutozwa kwa asilimia ndogo ya mauzo yao. Huu mfuko wa pili ndio madiwani wanaoweza kuugeuza huku na kule, na ndio hasa unaogombewa.

Mfuko huo umepitia mengi. Mwaka 2003 kodi ya maendeleo, ile ambayo wazee wetu waliijua kama kodi ya kichwa, ilifutwa. Wananchi walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia, kwani watu walikuwa wakikimbizana na mgambo kwa ajili yake. Lakini halmashauri zikapoteza chanzo, zikazidi kutegemea ruzuku. Julai 2016 kodi ya majengo ilichukuliwa na Mamlaka ya Mapato (TRA), na tangu mwaka 2021 inakatwa kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU. Kwa hiyo diwani anaposema kuwa mikono yake imefungwa, si kila mara anasingizia.

Hata hivyo, iwe ndogo au kubwa, fedha hiyo ni ya nani? Ni ya mama anayelipa ushuru wa meza ya mchicha Tandika. Ni ya kijana wa duka la vipuri Magomeni aliyekata leseni. Ni ya mwenye nyumba Chamazi aliyelipia kibali cha ujenzi. Hawa wote wametoa kidogo kidogo, wakaweka mikononi mwa wachache ili itumike kwa manufaa ya wote. Kwa lugha ya dini yetu, hiyo ni amana.

Katika Surat An-Nisaa (4:58) Allah (s.w.) anatuamrisha mambo mawili kwa pamoja: kwanza tuzirudishe amana kwa wanaozistahiki, pili tunapohukumu baina ya watu tuhukumu kwa uadilifu. Wafasiri wengi wameitaja aya hii kuwa inawahusu hasa watawala. Angalia namna mambo haya mawili yanavyokutana katika kikao cha bajeti: mikononi pana mali ya watu, na mdomoni pana hukumu ya namna ya kuigawa.

Asiye na kiti kikaoni

Sasa inapotakiwa kupunguza, nini hupunguzwa? Tutafakari bila jazba.

Mishahara haigusiki, kwani ipo kisheria. Posho za vikao zina wenyewe, na wenyewe wamo ukumbini. Mafuta ya magari yana wenyewe, nao wamo ukumbini. Safari za mafunzo, semina, warsha, chakula cha wageni na fulana za maadhimisho, vyote vina watu wa kuvitetea pale pale mezani. Lakini tundu la choo la shule ya msingi halina kiti katika Baraza. Mfereji uliojaa taka hauinui mkono kuomba utaratibu. Mjamzito anayekwenda zahanati akaambiwa anunue mipira ya mikono dukani hajui hata kwamba siku hiyo kuna kikao. Basi panapotafutwa pa kukata, ni rahisi mno kukata kwa yule asiyekuwepo.

Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Siyo lazima diwani au mkuu wa idara awe mtu mwovu. Inatosha awe mtu aliyeshiba, ambaye mwanawe hasomi katika darasa lile, wala mke wake hajifungulii katika zahanati ile, wala maji ya mfereji ule hayaingii uani kwake. Dhulma nyingi za bajeti hazifanywi kwa chuki, hufanywa kwa kusahau. Na kusahau kwa mwenye dhamana siyo udhuru.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha, katika hadithi mashuhuri iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Umar (r.a.), kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Mchunga haulizwi tu juu ya kondoo aliyelia. Huulizwa pia juu ya yule aliyekufa kimya.

Mizani ya Sharia

Je, Uislamu unatupa mizani ya kujua kipi kitangulie? Naam. Maulamaa wetu wa usul, kama Imam al-Ghazali na baadaye Imam ash-Shatibi, waliyagawa maslahi ya watu katika daraja tatu. La kwanza ni dharura, yaani mambo ambayo yakikosekana maisha, dini, akili, kizazi au mali za watu huangamia. La pili ni haja, yaani yale ambayo yakikosekana watu wanaishi lakini kwa taabu na mashaka. La tatu ni tahsini, yaani mapambo na uzuri wa maisha. Kanuni ni kwamba la chini haliruhusiwi kulibomoa la juu. Huwezi kupaka rangi ukuta wakati paa linaungua.

Tuichukue mizani hii twende nayo mitaani kwetu.

Agosti 2015 kipindupindu kililipuka Dar es Salaam, kikianzia Kinondoni, kisha kikaenea katika mikoa mingi ya nchi na kuua watu. Kipindupindu hakishuki kutoka mbinguni kama mvua. Ni maradhi ya kinyesi kuingia katika maji na chakula. Kwa hiyo vyoo, mifereji, maji safi na uzoaji wa taka ni dharura, kwani vinalinda roho za watu. Mwaka 2011, mwezi Desemba, mvua kubwa zilifurika bonde la Msimbazi na maeneo mengine ya jiji, watu wakapoteza maisha, na waliobaki bila makazi wakahamishiwa Mabwepande. Mfereji basi ni dharura. Kwa wakazi wa Tandale anakopita Mto Ng'ombe, mfereji ni suala la kulala usiku au kukesha juu ya meza. Mto ule ulikuja kujengewa kingo kupitia mradi wa DMDP ulioidhinishwa mwaka 2015 kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Tunashukuru, lakini tukumbuke kwamba mfereji uliojengwa kwa mkopo ukikosa fungu la kusafishwa kila mwaka, baada ya misimu michache unarudi kuwa dampo.

Upande wa elimu, elimu bila ada ilipoanza Januari 2016 watoto walimiminika shuleni. Hilo ni jambo la kheri. Lakini madarasa, madawati na matundu ya vyoo hayakumiminika kwa kasi ile ile, na kata za pembezoni kama za Mbagala na Chamazi, zinazopokea wakazi wapya kila siku, ndizo zilizobanwa zaidi. Darasa la mtoto linalinda akili. Nalo ni dharura.

Basi kalenda za ukutani zenye picha za viongozi ziko daraja gani? Tafrija ya kufunga mwaka iko wapi? Ziara ya kujifunza mkoa mwingine, ambayo mafunzo yake hayajapata kuonekana mtaani, iko wapi? Gari jipya la kifahari, wakati lililopo linatembea, liko wapi? Hatusemi kwamba hayo ni haramu kwa dhati yake. Tunasema ni tahsini, na tahsini haina haki ya kukaa mezani wakati dharura imesimama mlangoni. Mali ikitumika kwenye tahsini hali dharura imeachwa, hapo ndipo panapoingia ule ubadhirifu ambao katika Surat Bani Israil (17:26-27) wenye kuufanya wametajwa kuwa ni ndugu wa mashetani. Na angalia mpangilio wa aya hiyo: kabla ya kukataza ubadhirifu imeamrisha wapewe haki yao jamaa, masikini na msafiri aliyekwama. Ina maana ubadhirifu haupimwi kwa wingi wa fedha tu. Unapimwa pia kwa haki ya nani iliyoachwa.

Inawezekana

Watasema wengine: hayo ni ya kwenye mimbari, katika utawala hayawezekani. Si kweli. Mwaka 2015 Rais John Magufuli alifuta sherehe za Uhuru za Desemba 9, akaagiza siku hiyo iwe ya usafi, nchi ikiwa ndani ya kipindupindu, na shilingi bilioni 4 zilizokuwa zimetengwa kwa gwaride na tafrija zikapelekwa kupanua barabara ya Mwenge hadi Morocco, hapo hapo Kinondoni. Aprili 2016 Ofisi ya Bunge ilikabidhi shilingi bilioni 6, zilizotokana na kubana matumizi yake, ili zitengenezwe madawati. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilivunjwa na Ilala ikapandishwa hadhi kuwa Jiji. Moja ya hoja zilizotolewa ni kwamba halmashauri ile haikuwa na eneo lake yenyewe, ikiendeshwa kwa michango ya manispaa, huku ikilipa posho za vikao.

Mtu anaweza kuwa na maoni yake kuhusu uongozi wa wakati ule, na sisi hatuko hapa kumsifu wala kumlaumu mtu. Tunachukua funzo moja tu: fedha za sherehe zinaweza kuwa barabara, na fedha za vikao zinaweza kuwa madawati. Kumbe inawezekana. Lakini funzo la pili ni zito zaidi. Kwa nini ingojewe amri kutoka juu? Allah (s.w.) amewasifu waumini kwamba mambo yao huwa ni ya kushauriana baina yao (42:38). Baraza la Madiwani ni chombo cha shura. Shura inayongoja mtu mmoja akaripie ndipo ifanye haki, siku mtu huyo akiondoka itarudi pale pale.

Asilimia kumi

Lipo fungu moja katika bajeti za manispaa ambalo Muislamu anapaswa kulitazama kwa jicho la pekee. Mwaka 2018 Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ilirekebishwa, ikazitaka halmashauri zote zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya kuvikopesha vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Na mikopo hiyo haina riba.

Ndugu Waislamu, tumelia miaka mingapi kwamba mama zetu wanadhalilishwa na mikopo ya riba, wakinyang'anywa makochi na televisheni mbele ya watoto? Hapa sheria ya nchi imefungua mlango wa mkopo mwema. Basi panapokuja hoja ya kupunguza, fungu hili lisiwe la kuchomolewa kimya kimya kwa kuandikwa kwenye kitabu cha bajeti kisha lisipelekwe benki.

Tukumbuke riba ilivyoifanya mali ya umma katika jiji hili hili. Jengo la Machinga Complex pale Karume, Ilala, lilifunguliwa mwaka 2010 baada ya kujengwa kwa mkopo wa NSSF. Kwa miaka mingi vizimba vingi vilikaa vitupu, wamachinga wakabaki barabarani, na deni likaendelea kuzaa hadi likazidi maradufu ya kile kilichokopwa. Jengo lilisimama, lakini mpango wa kulilipa ulikuwa umelala. Hivyo ndivyo riba inavyofanya kazi: wewe umelala, yenyewe inakesha.

Lakini tuseme na upande wa pili, kwani haki haina upande. Ile mikopo ya asilimia 10 iliharibiwa na nani? Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu (CAG) iliyotoka Aprili 2023 ilionesha mabilioni ya shilingi yasiyorejeshwa na vikundi hewa vilivyokopeshwa. Serikali ikaisimamisha mikopo hiyo mwaka 2023, na ilipotangaza mwaka 2024 kuirejesha, ilikuja na utaratibu mpya, baadhi ya halmashauri zikitakiwa kupitia benki. Walioghushi vikundi wamo watumishi, hilo halina shaka. Lakini waliokopa wakahama mtaa, wakabadilisha na namba ya simu, ni akina nani kama siyo sisi, dada zetu na wadogo zetu? Tumezoea kusema eti mali ya serikali haina mwenyewe. Inaye. Mwenyewe ni yule kijana mlemavu wa Mtoni aliyengoja zamu yake, akaambiwa mfuko umesimama.

Imepokewa katika Sahih Bukhari kwamba Mtume (s.a.w.) aliletewa jeneza la mtu aliyekufa na deni bila kuacha cha kulilipa, akawaambia maswahaba wamsalie wao. Hakumsalia mpaka Abu Qatada (r.a.) alipochukua dhamana ya deni lile. Huyo alikuwa anadaiwa dinari chache na mtu mmoja. Je, anayedaiwa na wakazi wote wa Temeke, atatafuta Abu Qatada wangapi?

Aanze mkubwa

Sasa tuje kwenye swali la kichwa cha makala hii: bajeti ikipungua, nani apunguziwe kwanza? Jibu la historia yetu liko wazi. Anaanza mkubwa.

Mwaka wa 18 Hijria, Madina na viunga vyake ilipigwa na ukame mkali, mwaka uliokuja kujulikana kama Mwaka wa Ramada. Khalifa Umar bin al-Khattab (r.a.) alijizuia samli na nyama mpaka watu wapate nafuu. Wapokezi wanasimulia kwamba rangi yake ilibadilika kwa kula mafuta ya zeituni peke yake, na tumbo lake lilikuwa likinguruma. Hakuwa na uchumi wa kuwaambia wananchi wafunge mikanda huku yeye akilegeza wa kwake. Aliona kwamba hawezi kuijua hali ya raia ikiwa haimgusi yale yanayowagusa.

Na hapa kuna jambo la kutafakari kuhusu neno lenyewe diwani. Asili yake ni daftari. Umar (r.a.) ndiye aliyeanzisha diwani katika dola ya Kiislamu, yaani daftari la majina ya watu na stahiki zao kutoka Baitul Mal. Makarani walipokuja na orodha wakiwa wamemweka yeye na ukoo wake karibu na juu, alikataa. Akaagiza waanze na jamaa wa Mtume (s.a.w.), wa karibu zaidi kisha wanaofuata, na ukoo wa Umar uwekwe pale Allah alipouweka. Neno hilo likasafiri, likafika mpaka pwani yetu ya Mrima, ambako wakuu wa miji waliitwa madiwani, kisha likatufikia sisi kwa maana ya mjumbe wa Baraza. Mheshimiwa Diwani, unalibeba jina la daftari. Swali ni hili: katika daftari lako jina lako limeandikwa mstari wa ngapi?

Mwaka 2021 Serikali Kuu ilibeba mzigo wa kulipa posho za kila mwezi za madiwani katika halmashauri 168 zenye uwezo mdogo, na halmashauri 16 zenye mapato makubwa zikaachiwa zilipe zenyewe. Hatuoni ubaya diwani kulipwa. Mtu anayeacha shughuli zake kutumikia watu anastahiki kulipwa, na asiyelipwa hushawishika. Lakini stahiki ina mpaka. Ubaya unaanza pale vikao vinapozaliwa ili posho ipatikane, na pale mkandarasi anapompitishia mjumbe bahasha na kuiita shukrani. Mtume (s.a.w.) alimtuma mtu anayeitwa Ibn al-Lutbiyya kukusanya zaka. Aliporudi aligawa mafungu mawili, hili lenu na hili nimepewa zawadi. Mtume (s.a.w.) alikasirika, akapanda mimbari, akauliza kwa nini mtu huyo asingekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake aone kama zawadi hiyo ingemfuata. Kipimo hiki kinatosha kwa kila mwenye cheo: ungekuwa mkazi wa kawaida wa Buza bila muhuri, bahasha hiyo ungepewa?

Na sisi tunaulizwa

Ni raha kuwanyooshea kidole waheshimiwa. Lakini mizani ya Uislamu hupima kila mtu.

Novemba 27, 2024 tulichagua wenyeviti wa mitaa na wajumbe wao. Tangu siku ile, ni wangapi kati yetu wamehudhuria mkutano wa mtaa? Pale ndipo mahali pa kusomewa mapato na matumizi, na pale ndipo vipaumbele vinapoanzia kabla ya kupanda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata na hatimaye Baraza. Vikao vya Baraza navyo viko wazi kwa mwananchi kwenda kusikiliza. Tunakaa barazani baada ya Magharibi tukichambua bajeti ya timu za Ulaya, mchezaji gani kauzwa kwa bei gani, lakini hatujui kata yetu imetengewa kiasi gani. Wahenga wametuambia mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari lipo. Hatujaomba kulisoma.

Aidha tutazame misikiti yetu. Msikiti mmoja unajenga mnara wa pili ilhali ustadhi wa madrasa ana miezi mitano hajapewa kitu, na choo cha wanawake hakina mlango. Harusi moja inamaliza mamilioni kwa usiku mmoja, na jirani yatima karudishwa kutoka shule kwa kukosa sare. Ile ile dharura imesukumwa na ile ile tahsini. Tukiwa hivyo katika mifuko midogo tunayoishika sisi, tutampa diwani ujasiri gani wa kusimamia mfuko mkubwa? Diwani hatoki mwezini. Ametoka kwetu, na tabia ya mfuko ameisoma kwetu.

Nini kifanyike? Kwanza, kila msikiti uwachague watu wawili au watatu wanaojua kusoma hesabu, wahudhurie mkutano wa mtaa na kikao cha Baraza cha bajeti, kisha warudi kutoa taarifa kwa waumini. Pili, tukiwa kule tuulize maswali matatu tu, kwa adabu na bila matusi: Mwaka jana mlipanga nini na kimetekelezwa nini? Mwaka huu mnapunguza wapi, na je, mmeanza na matumizi yenu wenyewe? Asilimia 10 imetengwa, imetolewa kwa nani na imerejeshwa kiasi gani? Maswali haya hayana chama wala dini. Jirani Mkristo wa Mbagala anayapenda majibu yake kama sisi, kwani mfereji ukifurika hauulizi mtu anasali wapi. Tatu, aliyechukua mkopo wa kikundi na hajalipa, aanze kulipa hata kidogo kidogo, kabla hajaja wa kumuuliza.

Nabii Yusuf (a.s.), kama tunavyosoma katika Sura inayoitwa kwa jina lake, alipewa dhamana ya hazina ya nchi isiyo ya kwao, watu wake wakiwa si wa dini yake. Akapanga miaka saba ya neema ili iilishe miaka saba ya njaa, nafaka ikahifadhiwa katika masuke yake, isipokuwa kidogo cha kula. Alipoiomba kazi hiyo hakutaja ukoo wala wingi wa wafuasi. Alitaja sifa mbili: kwamba yeye ni mhifadhi, na kwamba ni mjuzi (12:55). Uaminifu bila ujuzi hupoteza mali kwa ujinga. Ujuzi bila uaminifu huipoteza kwa hila. Wenye sifa hizo mbili ndio tunaowahitaji katika kamati za fedha za manispaa zetu, nao hawatashuka kutoka mbinguni. Tuwalee, tuwatume, na wakifika tuwasimamie.

Ewe Mola wetu, wape wanaosimamia mambo yetu macho ya kumuona asiyekuwepo kikaoni. Tupe sisi ujasiri wa kuuliza, na utusamehe tuliyoyanyamazia. Amin.

Wabillahi tawfiq.